Mchezo Usiokuwa na Mshindi

Wako watu wengi wanaodhani kwamba mchezo ni jambo la watoto, na kwamba mtu mzima anayekaa kitako kucheza karata amekosa kazi ya kufanya. Mimi siafikiani nao. Katika miaka mingi niliyofundisha walimu nilitambua kwamba ukitaka kujua watu wanaamini nini juu ya maisha, usiwaulize. Tazama michezo wanayowafundisha watoto wao. Mzazi akihubiri ushirikiano mchana kutwa, kisha jioni akampa mwanawe mchezo usio na njia ya kushinda ila kwa kumfilisi jirani, mtoto atakumbuka lile la jioni. Kanuni za mchezo ni somo linalofundishwa bila ubao wala chaki, na aghalabu ndilo somo lisilosahaulika.

Katika insha hii nakusudia kueleza habari za mchezo mmoja wa karata uliotungwa huko Kanada na kuchapishwa mwaka 2013. Jina lake ni The Quiet Year, nasi tunaweza kuuita Mwaka wa Utulivu. Aliyeutunga ni Avery Alder. Ni mchezo wa kusimulia hadithi kwa pamoja, na hadithi yenyewe ni ya wakati ujao, baada ya ustaarabu tuujuao kuanguka. Hauna mshindi wala mshindwa. Nitaanza na asili ya karata zenyewe, nipitie michezo iliyoutangulia, kisha nieleze kwa nini nauona unatugusa sisi tuliopata kuona vijiji vikianzishwa.

Karata hazikuzaliwa Ulaya, ingawa wengi wetu tulidhani hivyo. Wanahistoria wengi huona kwamba asili yake ni China. Kutoka huko zilipitia nchi za Kiislamu, na hata leo katika jumba la Topkapı mjini Istanbul imehifadhiwa seti ya karata za Wamamluki wa Misri, yenye alama nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Ulaya zinaanza kutajwa waziwazi katika miaka ya 1370. Kufikia mwaka 1377 mji wa Florence ulikuwa umekwisha kuzipiga marufuku. Wahispania na Wareno walizipokea zile alama nne, ila fimbo ya polo, ambayo hawakuijua, wakaigeuza kuwa gongo.

Sasa msomaji na ayatazame majina tunayoyatumia sisi. Twasema kopa, uru, shupaza na pau. Kopa ni kikombe katika Kireno, uru ni dhahabu, shupaza ni upanga, na pau ni gongo. Neno karata lenyewe limetoka huko, na turufu vilevile. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wenzake wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mwaka 1698 wakatolewa humo baada ya kuzingirwa muda mrefu. Utawala wao uliondoka, lakini maneno yao ya karata yamebaki vinywani mwa wavuvi na wachukuzi ambao hawajapata kumwona Mreno. La ajabu zaidi ni kwamba karata tunazocheza leo zina michoro ya Kifaransa: penye kopa pana moyo, wala hakuna kikombe. Picha imebadilika, jina limebaki. Basi karata ni chombo kikongwe, kimepita mikono mingi, na kila mkono umekitumia kusema jambo lake.

Tuache karata kidogo, tutazame michezo mingine iliyotangulia. Mwaka 1824 katika ufalme wa Prusia, ofisa wa jeshi aliyeitwa Reisswitz aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani. Vipande vidogo vilisimama badala ya vikosi, dadu ziliamua bahati ya mapigano, na mwamuzi mmoja alitoa hukumu. Jeshi liliupokea, ukawa chombo cha kuwafunzia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea sebuleni, na mwishoni mwake akasema kwa uchungu kwamba afadhali vita hii ndogo kuliko ile kubwa. Mwaka uliofuata, 1914, ile kubwa ikaanza.

Upande wa fedha nako kuna kisa kinachostahili kufundishwa. Mwaka 1904 mwanamke Mmarekani, Elizabeth Magie, alipata hataza ya mchezo aliouita The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye ardhi. Alikuwa mfuasi wa Henry George, yule mwanauchumi aliyefundisha kwamba thamani ya ardhi hutokana na jamii nzima na kwa hiyo ndiyo ipasayo kutozwa kodi. Magie aliutumia mchezo wake kuonyesha jinsi kodi ya pango inavyomtajirisha mmoja na kuwamaliza wengine. Baadaye aliuwekea kanuni za namna mbili. Kwa kanuni za kwanza mtu hushinda kwa kuwafilisi wenzake; kwa kanuni za pili kila mtu hunufaika mali inapozalishwa. Alitaka watu wacheze kwa namna zote mbili, walinganishe, waamue wenyewe. Kilichotokea ni kwamba mchezo ulienea kutoka nyumba hata nyumba, ukabadilishwa, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikautoa kwa jina la Monopoly. Kanuni zilizoenea dunia nzima ni zile za kufilisiana. Zile nyingine hata jina lake halijulikani kwa wachezaji wengi. Magie, yasemekana, alilipwa dola 500 kwa hataza yake.

Kisa hiki hunifikirisha sana. Bao lilikuwa lile lile, na fedha za karatasi ni zile zile. Kilichotofautiana ni kanuni tu. Anayechagua kanuni ndiye anayechagua watu watakuwa nani kwa muda wa saa tatu mezani, na pengine hata baada ya kuondoka mezani.

Hata hivyo wazo la kucheza pamoja halikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Ontario, Kanada, Jim Deacove alianza kutunga michezo ya nyumbani ambayo wachezaji wote hushinda pamoja au hushindwa pamoja. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons. Huu ulizaliwa kutokana na michezo ya vita, lakini ukabadili jambo moja kubwa: badala ya kuongoza kikosi, kila mchezaji alimwongoza mtu mmoja mwenye jina na tabia, na wote wakasafiri upande mmoja huku mwenzao mmoja akisimulia yanayowakuta. Kwa maneno mengine, mchezo wa vita uligeuka kuwa hadithi. Mwaka 1993 ikatoka karata ya Once Upon a Time, ambamo kila karata ina kitu cha hadithi za kale, kama vile mfalme au msitu, na wachezaji hunyang'anyana usimulizi ili kila mmoja aifikishe hadithi kwenye mwisho wake. Mwaka 2008 Matt Leacock alitoa Pandemic, ambamo wachezaji ni wataalamu wanaoshirikiana kuzuia magonjwa yasienee duniani. Miaka 12 baadaye, dunia ilipofungwa na UVIKO-19, hapakuwa tena na haja ya kueleza mchezo ule ulihusu nini.

Basi msomaji ataona kwamba mito miwili ilikuwa ikielekea kukutana: mto wa michezo ya kushirikiana, na mto wa michezo ya kusimulia. Uko na mto wa tatu, nao ni wa hadithi za wakati ujao.

Binadamu ameuchora wakati ujao kwa namna mbili hasa. Namna ya kwanza ni nchi njema isiyokuwapo, kama kile kisiwa alichokieleza Thomas More mwaka 1516 katika kitabu chake Utopia. Namna ya pili ni nchi mbaya inayoweza kuwapo, ambayo wataalamu wa fasihi huiita distopia. George Orwell alikuwa bingwa wa namna hii ya pili. Sisi wasomaji wa Kiswahili tulimpata mapema, kwani Fortunatus Kawegere alikitafsiri kitabu chake kimoja kwa jina la Shamba la Wanyama, kikatoka mwaka 1967, ule ule wa Azimio la Arusha. Vitabu vya namna hii vina kazi yake, nayo ni kuonya. Lakini onyo lina upungufu wake: humfundisha mtu kuogopa, halimfundishi afanye nini kesho yake asubuhi. Msomaji hufunga kitabu akiwa amesadiki kwamba mambo yataharibika, wala hana jembe mkononi.

Mchezo wa Alder umesimama kati ya namna hizo mbili. Dunia imekwisha kuharibika. Jambo hilo halijadiliwi. Jamii ndogo ya watu kadhaa imemaliza vita virefu na adui waitwao Mbweha, na sasa imepata mwaka mmoja wa amani. Mwisho wa mwaka huo watakuja Wachungaji wa Jalidi. Ni akina nani hao? Kitabu cha kanuni hakisemi. Ni wanyama, ni jeshi, ni tauni, ni baridi yenyewe? Hakuna anayejua. Linalojulikana ni kwamba watakuja, na kwamba kabla hawajaja kuna kazi ya kufanya.

Huchezwa hivi. Wachezaji wawili hadi wanne hukaa kuizunguka karatasi tupu, ambayo ndiyo itakayokuwa ramani. Kila mmoja huchora kitu kidogo: mto, kilima, magofu ya kiwanda. Kisha kila mmoja hutaja kitu ambacho jamii inakihitaji, nao kwa pamoja huchagua kimoja kiwe tele na vingine viwe haba. Hakuna mchezaji mwenye mtu wake mmoja wa kumwongoza. Wote huisemea jamii nzima, leo wakitazama kwa macho ya mkulima, kesho kwa macho ya mgonjwa.

Karata 52 hugawanywa katika mafungu manne kufuata alama zake, na kila fungu ni majira. Kopa ni majira ya kuchipua, uru ni kiangazi, pau ni wakati wa majani kupukutika, na shupaza ni majira ya baridi. Kila zamu ni wiki moja. Mwenye zamu hufunua karata, nayo humpa swali la kujibu au tukio la kulisimulia, mara nyingi akichagua moja kati ya mawili. Kisha miradi iliyokwisha kuanzwa husogea mbele kwa wiki moja. Hesabu yake huwekwa kwa dadu, tangu moja hadi sita. Halafu mwenye zamu hufanya jambo moja tu kati ya matatu: ama agundue kitu kipya na kukichora, ama aanzishe mradi, ama aitishe mazungumzo.

Hapo ndipo penye akili ya mchezo huu. Kwanza, mtu anayeanzisha mradi haombi ruhusa. Zamu ni yake. Akisema tunachimba kisima hapa, kisima kinachimbwa, na wengine hawaruhusiwi kumkatiza. Pili, mazungumzo yana gharama. Anayeitisha mazungumzo ameitumia wiki yake. Hawezi kujenga chochote. Tatu, katika mazungumzo kila mtu husema mara moja tu, sentensi moja au mbili, kisha basi. Hakuna kura, hakuna azimio, wala mwenyekiti hafungi kwa kusema tumekubaliana. Watu wamesikika, na maisha yanaendelea.

Nne, na hili ndilo lililonifanya niandike insha hii, katikati ya meza kuna rundo la kete ndogo. Mchezaji akiona jambo limeamuliwa bila kuulizwa, au heshima yake imevunjwa, huchukua kete moja na kuiweka mbele yake. Hasemi neno. Kiingereza kinaziita kete za dharau, lakini naona Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni kinyongo. Kete ya kinyongo hukaa pale, kila mtu akiiona. Inaweza kurudishwa kwa njia mbili. Mwenzako akitenda jambo unaloliunga mkono kwa moyo wote, unaweza kuirudisha kwa hiari yako. Au siku utakapotaka kufanya jambo la kujipendelea, huku ukijua linaidhuru jamii, unaitoa kete yako kama sababu: mlinitenda vile, nami nawatenda hivi.

Mwisho wa mchezo umefichwa katika fungu la shupaza. Mfalme wa shupaza akifunuliwa, Wachungaji wa Jalidi wamefika na mchezo umekwisha papo hapo. Kwa kuwa fungu lile limechangwa, mfalme huyo aweza kuwa karata ya kwanza ya majira ya baridi au ya mwisho. Maana yake ni kwamba mwaka wa utulivu waweza kwisha katika wiki ya 40 au ukafika wiki ya 52, na hakuna awezaye kusema mapema.

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyeniletea kanuni zake wakati wa likizo. Tulicheza wanne: yeye, kaka yake, mwalimu mwenzangu mstaafu, na mimi. Tulitandaza karatasi ya manila mezani. Tulikubaliana kwamba maji ni tele, na kwamba mbegu, dawa na chumvi ni haba. Katika majira ya kuchipua mwenzangu alichora makaburi chini ya mbuyu, karibu na mto. Hakueleza sana; alisema tu kwamba watu waliokufa vitani wamezikwa pale. Kiangazi kilipofika, kijana akaanzisha mradi wa daraja la wiki sita, na njia ya kuliendea akaipitisha juu ya makaburi yale. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameiona njia fupi, akaichora.

Mwalimu mwenzangu alinyanyua mkono kama mtu anayetaka kusema, akakumbuka kanuni, akaushusha. Akachukua kete moja akaiweka mbele yake. Mchezo ukaendelea. Karata zikafunuliwa, watu wa hadithini wakaugua, wengine wakafika kutoka mbali wakiomba hifadhi, na muda wote ile kete ikabaki pale mezani. Wiki nne baadaye mjukuu wangu wa kike aliitishia mazungumzo swali moja: je, daraja lina thamani gani kwetu? Kila mmoja alisema lake mara moja. Zamu ya mwenzangu ilipofika alisema kwamba anayeuvuka mto kwa kuwakanyaga waliompigania hajui anakokwenda. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa kanuni haziruhusu kujibu. Zamu ya kijana ilipowadia, aliitumia wiki yake nzima kuanzisha mradi wa kuizungusha njia. Daraja lilikuwa halijaanza kutumika, na tayari lilikuwa limetugharimu wiki nyingine mbili. Mwenzangu akairudisha kete yake kwenye rundo, tena bila kusema neno.

Niliwatazama, nami nikakumbuka mambo ya zamani. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kipya. Ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, na serikali ilikuwa imekwisha kuamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Nia ilikuwa njema na sababu zilieleweka: shule, zahanati, maji. Kazi iliyofanyika ni kubwa mno. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wamehesabiwa kuwa wanavijiji. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto ambao bila kijiji kile wasingeiona shule. Lakini nakumbuka pia mkutano mmoja chini ya mwembe. Ofisa mmoja alisoma mpango: nyumba zitakaa mistari hii, shamba la kijiji litakuwa kule. Akauliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Watu walipiga makofi, wakatawanyika. Msimu ulipofika, shamba la kijiji lililimwa shingo upande, na wazee walikuwa wakitembea mwendo mrefu alfajiri kwenda kupalilia mashamba yao ya zamani.

Nimewasikia wataalamu wakieleza sababu nyingi za vijiji vingi kutozalisha kama ilivyotarajiwa: ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta, uhaba wa pembejeo, umbali wa mashamba. Zote ni za kweli. Mimi naongeza moja ambayo haiwezi kupimwa kwa tani: kinyongo kilikuwapo, lakini hakikuwa na kete. Hakikuwa na mahali pa kuwekwa kikaonekana. Makofi yalikifunika. Nacho kinyongo kilichofunikwa hakifi. Hugeuka uvivu, hugeuka kicheko cha pembeni, hugeuka jembe lisilozama ardhini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameonya katika andiko lake la mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika ujamaa, na kwamba maendeleo ya mtu huletwa na mtu mwenyewe. Neno lilikuwapo. Kilichokosekana pale chini ya mwembe ni kanuni ya kumfanya kila mtu aseme mara moja, na wengine wanyamaze wamsikie.

Msomaji asije akanielewa vibaya. Sisemi kwamba mchezo wa karata ungelima shamba la kijiji. Mezani hakuna anayelala njaa, na wanaocheza michezo hii huko Kanada na Marekani aghalabu ni watu wenye nafasi ya kukaa saa tatu au nne bila kazi. Tena mchezo huu hauna polisi, hauna kodi, hauna mkubwa anayeweza kuitupa ramani na kuleta nyingine. Maisha ya kweli yanavyo vyote hivyo. Ninalosema ni dogo kuliko hilo, lakini si dogo sana: kwamba mambo ambayo tumezoea kuyaita hekima ya viongozi au wema wa watu, mara nyingine ni kanuni tu, na kanuni hutungwa na binadamu.

Kuna mwenzetu mwingine aliyeniuliza: kama Wachungaji wa Jalidi wanakuja tu, iwe tumejenga au hatujajenga, kuna faida gani kuhangaika? Kwa nini uite mchezo huo wa matumaini? Hili ni swali la haki. Katika mchezo wetu mfalme wa shupaza alifunuliwa wiki ya 44. Daraja lilikuwa limekwisha na lilikuwa likitumika. Ghala la mbegu lilikuwa limebakiza wiki mbili. Tulikaa kimya tukiitazama ramani, maana hakuna kanuni inayosema nini kinafuata. Yule kijana alitaka kujua kama ghala lingetuokoa. Hapana wa kumjibu.

Jibu langu kwa mwenzetu ni kwamba wale wa Shamba la Wanyama na wale wa kisiwa cha More wanafanana katika jambo moja: mwisho wao umekwisha kuandikwa, mwema au mbaya, na msomaji hana la kuongeza. Katika mwaka wa utulivu mwisho umeandikwa pia, lakini katikati hakujaandikwa. Nami nikiwa na umri huu wa zaidi ya miaka 70, sioni ajabu katika mpango huo. Mfalme wa shupaza yumo katika fungu la kila mtu. Wenzangu niliosoma nao chuo cha ualimu, wengi wameshamfunua. Hakuna hata mmoja wao ninayemkumbuka kwa kuwa alimshinda. Nawakumbuka kwa darasa walilojenga, kwa mwembe walioupanda penye uwanja wa shule, na kwa ugomvi walioumaliza kabla haujarithiwa na watoto wao.

Kwa hiyo matumaini si kuamini kwamba jalidi haitafika. Matumaini ni kuendelea kuchora ramani wakati karata za shupaza zinafunuliwa moja moja, na kuitumia wiki yako kuzungusha njia kwa ajili ya makaburi ya mwenzako, ingawa wiki zenyewe ni chache. Elizabeth Magie aliandika kanuni za namna mbili, na dunia ikachagua zile za kufilisiana. Zaidi ya miaka 100 baada yake, meza bado ipo na karata bado zipo, zikiwa na majina yale yale ya vikombe na panga tuliyoachiwa na wageni. Kanuni ndizo zinazongoja kutungwa upya.

Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Naafiki, ila ningewasihi vijana wetu, hasa wale wanaokwenda kufundisha, waongeze jambo moja. Kabla ya kuzisogeza kinga pamoja, wamwulize kila aliyekaa pale jikoni kama ana kinyongo, na wampe nafasi ya kukiweka mezani ambapo wote watakiona.